Swali Lililoulizwa Mbele ya Mkwe

Wenzake walimwita Cheche kwa sababu hakujua kutembea polepole. Alikuwa mwaka wa mwisho wa fiziotherapia, na siku alipoanza mafunzo katika wodi ya mifupa, mama yake alimnyooshea kola ya koti jeupe mlangoni. "Watu wa nyumba hii kazi yao huonekana," akamwambia. "Usiniangushe."

Mgonjwa wake alikuwa mjane mmoja, fundi cherehani, aliyevunjika paja na kufanyiwa upasuaji. Cheche alimpa fremu ya kutembelea, wakaenda sambamba mpaka korido ikaisha.

"Safi sana, Mama Fundi! Kesho daktari anakuruhusu kwenda nyumbani!"

Mama Fundi akanywea. "Bado, mwanangu. Mguu haujapona."

Ikawa ndiyo hivyo. Nyumbani kukitajwa tu, mguu uliokuwa ukitembea vizuri unaanza kuuma.

Alasiri akaja mkwewe, mume wa bintiye wa pekee, kijana mwenye adabu zake, aliyesalimia macho yakiwa chini. Alikwisha kumwandalia mama chumba nyumbani kwake. Cheche akaona wakati ndio huo, wote wapo. Akavuta kiti.

"Haya mama, chooni utakwendaje? Kuchuchumaa unaweza? Na kuoga, nani atakusaidia?"

Mama Fundi akavuta shuka hadi kidevuni, akageukia ukutani. Mkwe akakumbuka ghafla kwamba pikipiki yake iko juani. Alitoka nusura aache viatu.

Mwalimu wa mafunzo, aliyesikia yote, alimwita Cheche pembeni. "Maswali yako ni mazuri sana. Ila umemvua mama wa watu nguo mbele ya mkwewe."

Uso ulimwaka moto. Akarudi, akafunga pazia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Nimekukosea heshima."

Sauti ikatoka upande wa ukutani: "Ule ulikuwa ulimi, au cherehani ya umeme?"

Cheche akaangua kicheko, na Mama Fundi naye mabega yakamtikisika. Alipogeuka, maneno yakamwagika.

"Kwa mkwe ndiko sitaki. Binti yangu anashinda kazini. Nani ataniinua chooni, yeye mkwe? Si nitakufa kwa aibu na mguu umepona! Nina chumba changu. Nina mashine yangu ya kukanyaga, na sare za wanafunzi zinaningoja. Choo kiko uani, ngazi zake hazina pa kushika. Sasa nikisema natembea, mtanipeleka kwa mkwe. Basi, sitembei."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku unauliza habari za goti. Goti lina nyumba?"

Cheche alikwisha kusimama.

Asubuhi, mwalimu hajatua hata mkoba, Cheche alimfuata. "Mwalimu, tumpeleke chumba cha kushonea mashuka ya hospitali! Kuna mashine ya miguu kule, na ngazi za nyuma za chumba cha dobi hazina pa kushika, kama za kwake!" Mwalimu alimtazama, kisha akachukua mkongojo. "Twende. Daktari anapita leo."

Kwenye ngazi Mama Fundi alisita. "Kupanda, mguu mzima utangulie," Cheche alihimiza, mkono karibu na kiuno chake bila kumshika. "Kushuka, mkongojo na ule mbovu kwanza. Hivyo hivyo!" Akapanda, akashuka, jasho likimtoka, akadai kupanda tena.

Kwenye mashine kiti kilikuwa kifupi. Cheche akakiinua kwa mto mgumu. Mguu ukagusa kikanyagio, ukateleza. Cheche akabana pumzi. Ukagusa tena, gurudumu likajivuta, likazunguka, na sindano ikaanza kutembea juu ya shuka kana kwamba haikuwahi kusimama. Mafundi wa chumba kile wakapiga makofi.

Daktari akafika kwa wito wa mwalimu, mkwe nyuma yake. Mwalimu alimgeukia mkwe kwa upole: "Baba, mama ataendelea vizuri zaidi nyumbani kwake mwenyewe. Tutahitaji mtu wa kumtengenezea pa kushika kwenye ngazi na chooni."

Kijana alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Mabomba ninayo. Nafunga leo leo! Upande gani, mama?"

"Kulia, baba," Mama Fundi akajibu, akimtazama usoni. "Uyakaze vizuri."

"Basi nimekuruhusu," daktari akasema. "Unaweza kujiandaa."

"Subirini kwanza," Mama Fundi akasema, mguu ukikanyaga. "Nimalize upindo huu."