Ami Vasant na Chai ya Mapumziko

Pasi ya moto ikikanyaga kitambaa kilicholowa hutoa harufu fulani, kama wali unaoanza kushika chini ya sufuria, na mimi mpaka leo nikiinusa popote narudi Sharafiya, Jeddah, kwenye ngazi za jengo letu. Sisi tulikaa ghorofa ya pili. Chini palikuwa na duka la kushona kanzu, na mle ndani alikuwemo mtu ambaye kati ya wote ninaowajua ndiye aliyekufa mara nyingi zaidi, na bado yuko hai. Jina lake Vasant. Sisi watu wa Mombasa tulimwita Ami, yaani baba mdogo, kwa sababu mtu mzima anayekupa peremende huwezi kumwita jina tupu. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi hivi, shule imefungwa, na jua la nje lingekaanga yai juu ya boneti ya gari la bosi wa baba. Kiyoyozi chetu cha juu kilikuwa cha kelele tu, debe tupu haliachi kuvuma, lakini cha Ami kilitoa baridi ya kweli. Basi nikahamia dukani. Nilikaa juu ya marobota ya kitambaa cheupe kama binti mfalme, naning'iniza miguu, naharibu kazi za watu.

Ami alikuwa mwigizaji. Mimi pia nilijiona mwigizaji, maana siku za mtihani niliumwa tumbo mpaka mama akalia, lakini yeye ilikuwa kazi yake, jukwaani na kwenye sinema, huko kwao India kwa watu wa Kimarathi. Aliingia akiwa kijana kwenye kikundi cha maigizo kilichozunguka miji kwa basi bovu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta pazia. Siku moja aliyeigiza bibi harusi akashikwa na homa. Ami ndevu zilikuwa bado hazijamwota, basi akazungushiwa sari, akapakwa poda, akasukumwa mbele ya watu. Alipendeza, wakamwachia kazi ile. Baadaye akawa mama mkwe, akawa mfalme, akawa chizi, akawa mlinzi wa mfalme na mkuki wa mbao. Nguo walishona wenyewe, ndiyo maana cherehani aliijua. Halafu sinema zikamwita, na sinema ndizo zilizomuua. Akiwa polisi, alipigwa risasi. Akiwa mkulima, aliumwa na nyoka. Akiwa baba wa bibi harusi, moyo ulisimama laddu, tamutamu ya harusi, ikiwa mdomoni. Sinema za kwao zina mapumziko katikati, watu watoke wakanywe chai, na Ami hakuwahi kuyafikia hata mara moja.

Vifo vyote hivyo alikuwa navyo kwenye simu, na watoto wa jengo tulivipenda kuliko katuni. Baba yangu, dereva wa nyumba moja ya matajiri, alikuwa akirudi kazini anapitia dukani na kuuliza, "Leo amekufa kwa nini?" Kisha anasema, "Huyu Ami akinusa tu chai ya mapumziko, roho inatoka." Ami alicheka mpaka sindano zikamtoka mdomoni. Lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kikundi chao kilikuwa kimevunjika, sinema zikapata vijana wenye vifua, na yeye akavuka bahari na sindano yake. Nilimwona mteja akisimama kupimwa, na nyuma yake Ami, utepe shingoni, anasimama kama yule mteja, tumbo lile lile, maringo yale yale, sekunde moja tu. Mteja akigeuka, anakuta fundi mnyenyekevu anaandika vipimo. Mimi juu ya marobota nikabana kicheko hadi mbavu zikauma.

Sasa kiangazi hicho simu ikapigwa kutoka kwao. Rafiki yake wa jukwaani wa zamani sasa amekuwa mwongozaji wa sinema, anatafuta mzee wa sinema yake. Wazee wengine wenye majina walikuwa wanaitaka kazi hiyo hiyo, kwa hiyo Ami atume video, waone kama bado anaweza. Alinieleza kwa Kiswahili chake, ambacho alikishona mwenyewe kwa vipande vya wateja Wakenya na Kiarabu cha sokoni.

"Mtoto, hii sinema babu anakaa na mjukuu. Mama ya mjukuu ameenda kazi nchi ya mbali. Hakuna kurudi."

"Na babu anakufa lini?"

"Babu mafi kufa, hakuna kufa. Mpaka mwisho, yuko."

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia amepata pasipoti ya mbinguni. Kisha akasema polepole, huku akikunja utepe, kwamba hii ni ya mwisho. Wakimkataa, halas, basi, atafanya ikama mpya, kile kibali cha kuishi, na kushona kanzu mpaka macho yaishe.

Mjukuu nikawa mimi. Kimarathi sikijui, akaniambia niseme cha kwetu, watu watamtazama yeye. Baba akapewa cheo cha kushika simu. Jioni baada ya jioni tulirekodi katikati ya kanzu zilizoning'inia, na kila mara Ami hakuanza bila kengele. Kwao mchezo hauanzi mpaka kengele ilie mara tatu: ya kwanza mwigizaji avae, ya pili watu wakae, ya tatu hakuna kurudi nyuma. Kengele hatukuwa nayo, nikapiga bilauri yake ya chuma kwa kijiko. Ti, ti, ti. Ami anafumba macho, anagusa sakafu kisha kipaji, anaanza. Na hapo ndipo taabu ilipoingia. Yeye alizoea jukwaa, watu wa viti vya nyuma wasikie, basi alilia kwa mikono yote, akanguruma, akaanguka juu ya marobota. Kwenye simu alionekana kama mtu anayefukuza nyuki.

"Ami," baba akasema kwa adabu yote, "hii simu iko karibu. Si kiziwi."

Alijaribu tena, ikawa vile vile. Alijua mwenyewe. Akitazama video alikunja uso, anafuta, anaomba turudie. Nilianza kuona zile kanzu zinamsogelea kila siku, nyeupe, hazina mwisho, na sikutania tena, jambo ambalo lilimshtua baba kuliko kitu chochote.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa. Baba alirudi kutoka msikitini, duka limefungwa nusu, na mwanga wa mchana ukapita chini ya mlango wa chuma ukalala sakafuni kama kipande cha kitambaa. Nikapiga bilauri. Katika kisa chetu babu ameshapata habari kwamba binti yake harudi, na anakunja nguo zake za utotoni. Ami alikuwa amechoka kunguruma. Alichukua kigauni changu cha zamani, akakilaza magotini, akakinyoosha kwa kiganja, mkono huu, mkono ule, akakosa pa kukiweka. Machozi yakatoka yenyewe bila sauti. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa na kutazama, nikakaa nikatazama, na peremende mdomoni.

Mama hakujua kama siku ile tunarekodi. Alishuka na sinia ya chai ya tangawizi na mahamri, akainama chini ya mlango, akamkuta mzee wa watu analia na mtoto wake anamumunya tu. Kwetu hilo halipo. Mtu mzima akilia hatazamwi, anafuatwa. Aliweka sinia chini, akanifinya sikio akipita, "Wewe, mtu analia umekaa kama uko harusini?" kisha akapiga magoti mbele ya Ami.

"Pole, Ami. Pole baba yangu. Nani ametutoka?"

Ami akainua uso. Nilidhani atasimama, tuanze upya. Badala yake akamwonyesha kigauni. Alikiinua tu kidogo. Na mama, ambaye mama yake alizikwa Mombasa yeye akiwa jikoni kwa watu, kafili, yule tajiri mwenye kibali chake, amekataa kumpa ruhusa ya kusafiri, akakipokea kile kigauni kwa mikono miwili, akalia naye. Kwa sauti ya chini akamwambia maneno ambayo yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia wakati ule, kwamba hukuwatupa, ulikuwa mbali tu, na wao wanajua. Akamtilia chai. Ami akainywa, kisha akaninyooshea mimi hamri, na mimi nikasogea nikamwegemea, maana hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba ni mchezo.

Baba alikuwa ameganda na simu yake. Ilipozimwa ndipo mama akaiona.

"Mnanichezea mchezo wa kilio?" akasema, amesimama, kanga imemporomoka begani. "Mimi nilidhani mtu amefiwa. Aibu gani hii." Baba akasema asijali, atafuta turudie. Ami akamzuia mkono. Akaitazama video, akairudia, chai ikapoa. Kisha akamgeukia mama.

"Madam," akasema, na mama hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote Saudia, yeye ndiye huwaita wengine, "hii. Hii ndiyo naenda tuma."

Siku zilizofuata hakuna aliyekula vizuri. Mama alijilaumu kwamba amemharibia mzee wa watu riziki yake, akawa anapita mlango wa duka kama mdaiwa. Simu ilipolia, Ami aliisikiliza amesimama, utepe shingoni. Kisha akakaa chini kwenye sakafu. Mwongozaji alimpa kazi. Aliuliza swali moja tu, yule mama wa chai wamemtoa wapi, maana hati yake haikuwa na jirani, na sasa lazima iwe naye. Mvumilivu hula mbivu, ila hakuna aliyesema mbivu zitakuja na mahamri. Kafili wa Ami, mtu mzuri kusema kweli, alitaka kanzu za Idi ziishe kwanza, kisha akasaini karatasi za kuondoka moja kwa moja. Bilauri na kijiko niliachiwa mimi.

Sinema yenyewe ilichelewa sana. Inaonekana kwao hujengwa kama nyumba za kwetu, leo ukuta, mwakani bati. Mimi huku nyuma nikamaliza darasa la nane, halas, masomo yakanitosha au mimi nikayatosha, na sasa nauza vifuniko vya simu Al-Dirah, Riyadh. Ami huko kwao alirudi jukwaani, akituma picha za ndevu za bandia. Mpaka mwezi uliopita akatuma ujumbe: itaonyeshwa huku. Enzi zile nchi hii haikuwa na jumba la sinema hata moja, letu lilikuwa simu iliyopasuka kioo. Leo baba na mama walipanda basi kutoka Jeddah, tukakaa kwenye viti vinavyolala kama vya kinyozi, ukumbi umejaa Wahindi waliovaa mashati ya Ijumaa. Nikatoa bilauri kwenye mkoba nikapiga taratibu, ti, ti, ti. Kijana mmoja mstari wa mbele akageuka, akacheka, akafumba macho.

Neno la mapumziko lilipoandikwa mama alinishika mkono. "Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

Baba akaenda kununua chai. Baadaye Ami, amezeeka, mkubwa kama ukuta, akakilaza kigauni magotini. Mwanamke akaingia na sinia, akapiga magoti. Mama aliyajua haya yote, alijua ni mchezo, alijua yeye ndiye huyo. Na bado gizani nikamsikia, kwa sauti ya mtu aliyeketi naye hapo hapo, "Pole, baba. Pole." Yule kijana wa mbele aligeuka tena. Kiswahili hakijui. Alimtazama mama yangu anavyolia, akatoa leso yake mfukoni, akampa.