Fahali wa Msamaha

Dereva aliyemgonga mama pale Nyahanga na kumvunja mguu alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu, alikiri mwenyewe. Kabla kesi haijafika mahakamani, wazee wa ukoo wake walituletea fahali, na baba akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kusameheana. Wakili niliyempelekea alipoisoma alishusha pumzi: tulikuwa tumekubali kwamba hatudai chochote, hata bima.

Nilimfokea baba mpaka majirani wakatoka nje.

"Ulitaka nimfukuze mtu aliyekuja kwangu na ng'ombe?" akaniuliza.

Juzi nilikaa na mama barazani, magongo yake yameegemea ukuta. Dereva yule akapita na gari lilelile. Mkono mmoja umeshika simu sikioni, na kwa ule mwingine akampungia mama.