Fito za Ozell

Lavaughn Boykin haulizi gitaa linaliaje. Hulilaza kichwa chini miguu juu, akaingiza pua tumboni mwake kama fundi anayetafuta mafuta yanavujia wapi, kisha husema limetoka kwa nani na enzi zipi. Watu hutoka Georgia na Alabama kumletea magitaa kuukuu ya marehemu wao. Alikuwa fundi breki wa mabasi ya shule mpaka alipostaafu. Ni mbishi, anakula peke yake, na akishatoa hukumu hataki swali. Mimi namheshimu, ila kumpenda ni kazi.

Kanisani kwetu Fort Pierce hatuna kinanda. Tuna stili: gitaa linalosimama kama meza, pedali miguuni, vyuma vya kusukuma kwa magoti chini yake. Likilia sawasawa, hata shangazi zangu wenye magongo huyasahau kwenye viti. Na tuna kawaida yetu. Gitaa likiingia kanisani, kibati chenye jina la kiwanda hung'olewa, ili mbele ya waumini lisionekane jina lolote ila la Bwana. Makanisa dada yote hufanya hivyo. Ndiyo maana Boykin hakosi kazi: vibati vimeng'olewa, na waliovijua wamekufa.

Mpigaji wetu, Shemasi Ozell Gadsden, alifariki majira haya ya kuchipua. Stili yake hakuruhusu mtu aiguse, sembuse kuigeuza. Akiulizwa aliipata wapi alisema, "Nimeiunda mwenyewe," huku anacheka, nasi tukicheka naye. Mchungaji Purnell aliamua kuwa siku ya kumbukumbu yake abandike kibao nyuma ya gitaa, kisichoonekana na waumini: Limeundwa na Shemasi Ozell Gadsden. Lakini Mchungaji ni mtu wa tahadhari. Kabla ya kuchonga kibao alimwita Boykin alitazame.

Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa nyuma, mimi nikimenya viazi vitamu vya chakula cha kumbukumbu ya kesho. Mama Vernell, mjane wa Ozell, aliketi karibu yangu. Boykin aliligeuza gitaa, akawasha tochi, wala hakukawia.

"Kessling," alisema. "Fort Worth, Texas. Mwisho wa miaka ya sitini."

"Una hakika, Kaka Boykin?" Mchungaji aliuliza.

"Mchungaji, nikikosea hapa, kesho nakuja kanisani nimevaa gauni. Tazama hizi fito za chuma zinazovuta nyuzi. Kila ncha imepindwa mara mbili, halafu ikarudishwa ndani kidogo. Hakuna aliyepinda hivi ila Kessling, tena kwa miaka michache tu. Magitaa yake ya mwanzo hayana, ya mwisho hayana."

Thurman, mpiga ngoma wetu, alipiga mluzi. "Kumbe mzee alitupiga fiksi miaka yote! Wanasema njia ya mwongo fupi. Yake imefika hadi makaburini."

"Funga domo, Thurman," nilimwambia. Nilikasirika hasa. Kesho yake mjane angekaa kiti cha mbele, na kibao kisingekuwepo, na kila mtu angejua kwa nini.

Mama Vernell hakuonyesha kukasirika. "Lavaughn, mwanangu, huyo Kessling umewahi kumwona?"

"Hapana, Mama. Alikufa zamani."

"Mimi nilimwona. Mikono laini kama ya mtoto mchanga. Ozell alifanya kazi kwake miaka sita. Mbele ya wateja Wazungu alikuwa mfagizi. Mlango ukifungwa, yeye ndiye aliyepinda vyuma, maana wengine wakivipinda vilikwama. Alipoondoka aliondoka na hilo hapo. Alilinunua, kama mteja mwingine yeyote."

Boykin alizima tochi. "Mama, unisamehe. Wajane wengi hunipa hadithi. Mimi nasoma chuma."

"Basi njoo usome changu."

Tulivuka barabara hadi nyumbani kwake, sote, na Thurman nyuma ingawa hakualikwa. Juu ya jiko kulikuwa na kulabu za kutundikia vikaango. Boykin aliondoa kikaango kimoja, akaipapasa kulabu yake. Imepindwa mara mbili, kisha imerudishwa ndani kidogo. Akaenda kwenye komeo la mlango wa wavu. Vilevile. Kulabu ya kikapu cha maua dirishani ilikwenda kombo, lakini mipindo ilikuwa ileile.

"Hii alipinda lini?"

"Mwaka juzi. Mikono ilishaanza kutetemeka."

Mchungaji alikohoa. "Na kibati cha jina, Mama? Alikitoa kwa ajili ya Bwana, sivyo?"

"Alikitoa siku tuliyofika hapa, kwa sababu jina halikuwa lake. Mchungaji wa wakati ule akamwuliza mbona ametoa jina. Ozell alikuwa mgeni, hakutaka maneno na watu. Akasema, mbele ya Bwana jina la mtu ni la nini? Mkaipenda sana hiyo. Mkaanza kung'oa vibati vyote."

Nilicheka peke yangu, nikaona haya. Chanda chema huvikwa pete, wanasema, na sisi tulikuwa tumepita makanisani tukivua pete bila kujua ni za nani.

Boykin alivuta kiti cha jikoni akaketi. "Gitaa la Valdosta," alisema. "La Dothan. La yule mama wa Macon aliyelia. Wote niliwaambia Kessling. Nilitazama fito, nikajisifu. Kumbe miaka yote nilikuwa namtambua Ozell, na kumpa sifa mwenye mikono laini. Naye yuko pale pale mbele yangu kila Jumapili. Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia. Si alisema ameliunda mwenyewe? Ulicheka pamoja na wenzako."

Mama Vernell alirudisha kikaango kwenye kulabu yake.

"Ila hakukuchukia," alisema. "Akikuona umeinama chini ya gitaa la mtu, ukisema Kessling, Kessling, alikuwa akija hapa jikoni ananiambia, 'Vernell, leo kijana kanitambua tena.'"

Boykin aliuliza kama simu ya ukutani bado inafanya kazi. Alianza kwa kumpigia mwenye gitaa la Valdosta.