Amplifaya Niliyopewa na Shemeji

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Hata majina ya hawa wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, baba wa watoto wawili. Kwetu ni upande wa Kakamega, lakini nimekaa huku miaka mingi, nafanya kazi kwa kiwanda kimoja Thika na tunapanga nyumba Mwihoko. Sinywi pombe, sichezi kamari. Starehe yangu ni moja, muziki kwa spika nzuri. Nikipata amplifaya ya zamani imekufa, naifungua, nahangaika nayo mpaka iimbe. Kuna group yetu ya WhatsApp ya watu wenye ugonjwa kama wangu. Tunatumiana picha za mashine zetu, tunabishana besi ya nani ni safi, na Jumapili moja kila mwezi, kanisa likiisha, tunakutana kwa mmoja wetu kusikiza.

Hapo ndipo nilijuana na Mwalimu. Ni mzee mstaafu, mke wake alifariki, anaishi peke yake upande wa Chania. Hakuna mtu kwa group alimfikia. Spika zake zilikuwa za mbao, ndefu kama kabati, na amplifaya yake ilikuwa nzito ya kubebwa na watu wawili. Ukikaa sebuleni kwake unasikia hata mwimbaji akivuta pumzi. Mwaka jana ile amplifaya ilinyamaza upande mmoja, akaniita. Nilipata waya ndani umeungua. Pale palitaka waya mwekundu na mimi nilibaki na wa kijani tu, nikauunga huo huo. Mwalimu akacheka. "Kijana yangu, bora inaimba. Rangi nani ataona?"

Sasa kuna shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu. Nimwite Kim. Ni mtu wa kuchangamka, watoto wangu wanampenda sana. Alipotaka kuingia kwa group, mimi ndiye nilimwingiza. Zamu ya Mwalimu kutukaribisha ilipofika, mimi ndiye nilimpeleka. Sisi wengine tulikuwa tunapiga picha za spika, yeye anazunguka. Nilimsikia akimuuliza mzee, "Na hii mlango ya nyuma bado inafunguka?" Halafu akauliza mama wa kufua huja siku gani. Nilidhani ni stori tu.

Wiki mbili hazikuisha. Jumanne asubuhi, watu waliingia kwa Mwalimu wakampiga kichwani, wakabeba kila kitu. Jirani alimpata jioni, bado yuko sakafuni. Amelazwa hospitali, na hajaongea tangu siku hiyo. Group nzima tulilia. Kim naye aliandika, "Watu wamekuwa wanyama."

Mwezi uliopita Kim akaja kwangu na amplifaya ndani ya gunia. "Shem, hii ni zawadi. Kuna mtu anahama, ameniachia." Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi na vibonye vya mbele vimebadilishwa. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini nilipoiwasha, niliizima mara moja. Ile sauti nilikuwa naijua.

Jumamosi iliyopita mke wangu akiwa sokoni, niliifungua. Waya wa kijani ulikuwa pale, na ile solda ya kuuungia ilikuwa kazi ya mkono wangu kabisa.

Sikusikia mlango.

"Shem, umefungua ya nini?"

Kim alikuwa nyuma yangu, amembeba msichana wangu mdogo. Nikamwambia ilikuwa na vumbi. Akaangalia ule waya, akaniangalia mimi, bila hasira yoyote.

"Vumbi ni mbaya," akasema. "Lakini fikiria, shem. Ni wewe uliniingiza kwa group. Ni wewe ulinipeleka kwa mzee. Na mashine iko kwa nyumba yako. Watu wakiuliza, watauliza nani?"

Akambusu mtoto kichwani, akaenda jikoni kujitafutia chai.

Nilimweleza mke wangu yote. "Ngai, Mungu wangu, Baba Brian," akasema, "huyo ndiye kitinda mimba wa mama. Akifungwa, mama hatamaliza mwaka." Ndugu zangu, kitu kinaninyima usingizi ni hiki: hakuniuliza kama ni kweli.

Jumatatu binti wa Mwalimu, anayemuuguza huko hospitali, akanipigia. Alikuwa na furaha. "Baba ameanza kushika kalamu na mkono wa kushoto. Anaandika jina moja tu, jina lako. Daktari anasema hata sauti inaweza kurudi. Tafadhali kuja Jumamosi, anakungoja."

Nilisema nitakuja. Lakini sijui mzee ananiita kwa sababu alinipenda kama mtoto wake, ama ananitaja kama mtu aliyemletea mwizi ndani ya nyumba. Na yote mawili ni kweli.

Hiyo simu nilimwambia mtu mmoja peke yake, mke wangu. Jana Kim amenitumia ujumbe: "Nasikia mzee anaandika siku hizi. Mungu ni mwema. Jumamosi nitakupitia twende pamoja, mimi nataka kumwona nikiwa karibu."

Leo ni Alhamisi. Nikienda polisi, hiyo amplifaya nitasema ilifikaje kwangu, na kwa nini nimekaa nayo mwezi mzima? Nikinyamaza, nitamfikisha Kim mwenyewe hadi kando ya kitanda cha mzee asiyeweza hata kupiga kelele. Nikisema sitaenda, anajua pa kumpata, ataenda peke yake.

Mke wangu ameshanunua ndizi na machungwa ya kumpelekea mgonjwa. Amefunga mifuko miwili, wangu na wa Kim. Mnaosoma hii, nishaurini leo, msingoje kesho. Nianzie kwa nani, nifanye nini?