Somo la Kumi na Moja

Mwalimu Breki alikuwa amefundisha watu udereva kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufungua boneti ya gari. Sisemi kwamba hakupenda kuifungua. Hakujua inafunguliwaje! Hilo jina la Breki alipewa na wanafunzi, kwa sababu gari la shule lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wake, na mguu wake wa kulia ulikuwa umezoea kuikanyaga mpaka ukasahau kupumzika. Hata akiwa nyumbani kwenye kochi, mkewe akikatiza sebuleni mbiombio na sufuria ya moto, mguu unakanyaga zulia. Mahali hapo zulia lilishatoboka.

Sasa, mtu asiyejua jambo ana njia mbili: aulize, au ajifanye anajua. Mwalimu alichagua ya pili, na tusimnyime haki yake, aliifanya kwa ufundi mkubwa. Gari likizimika katikati ya somo, alijikohoza, akasema, "Vizuri. Leo tunajifunza kusukuma." Moshi ukifuka mbele, alisema injini inapumua. Na mwanafunzi king'ang'anizi akimuuliza rejeta ni nini, au oili inawekwa wapi, alitabasamu kwa upole, akamjibu, "Usiwe na haraka. Hilo liko kwenye somo la kumi na moja." Shule ilikuwa na masomo kumi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mwalimu ilikwenda miaka ishirini na miwili kabla ya kukutana na nesi mmoja wa kliniki. Nesi huyo alikuwa mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari, na tarehe juu. Alipomaliza somo la kumi, badala ya kushukuru na kwenda zake kusubiri mtihani, alipanda ngazi hadi ofisini kwa Mkurugenzi kulidai la kumi na moja. Alisema amelilipia.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na kucha za zambarau, aliyeirithi shule kwa baba yake. Alimwita Mwalimu siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, tuna somo la kumi na moja?"

Hapo ndipo angesema ukweli, yakaisha. Neno moja tu! Lakini mtu aliyezoea kudanganya ulimi humtangulia.

"Lipo, Mkurugenzi. La injini na matunzo ya gari. Huwa nalihifadhi."

"Safi sana. Basi Jumatatu ya wiki ijayo utalifundisha hapa uani, kwa wote wanane wanaongojea mtihani wa Alhamisi. Nitakaa pembeni na karatasi ya alama. Na likiwa halipo, Mwalimu, na wewe hutakuwepo."

Mwalimu alifika nyumbani uso umemsawajika. Kazi nyingine hakuijua, na umri wa kuanza kujifunza nyingine aliona umeshampita. Alimsimulia mkewe yote, kuanzia rejeta hadi nesi.

"Kwani kuuliza kunauma, mume wangu?"

"Kunauma sana."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, kwa kuwa mume ni wake na aibu ingekuwa ya wote, alimtafutia kofia ya sufu na miwani myeusi, akamwambia aende kwenye gereji ambako hakuna anayemjua.

Gereji aliyoipata ilikuwa upande wa pili kabisa wa mji, nyuma ya ukuta wa mabati. Fundi wake alikuwa mfupi, mzee kiasi, mwenye maneno ya kuhesabika. Alimtazama mgeni huyo mwenye kofia ya sufu juani, aliyeomba afundishwe injini, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nauza vitunguu," alisema Mwalimu. Ndicho kilichomjia.

"Haya, Vitunguu. Fungua boneti."

Mwalimu akaingia kwenye gari lililokuwa mbele yao, akavuta kitu cha kwanza, kikafunguka kifuniko cha tangi la mafuta. Akavuta cha pili, likafunguka buti. Akavuta cha tatu, kiti kikalala nyuma, na yeye akalala nacho, miguu juu. Fundi hakucheka. Alisubiri, kisha akanyoosha kidole kimoja, akamwonyesha kijichuma kidogo chini ya usukani.

Wiki ile, kila akitoka kazini, Mwalimu alikwenda kuteseka. Alijifunza kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha na kukichomoa tena, japo mara ya kwanza alikifutia kofia ya mkewe. Alijifunza kwamba rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, haifunguliwi ikiwa ya moto, kwa sababu Fundi alimpiga kofi la mkononi kabla hajaifikia. Siku ya tairi ndiyo ilikuwa kichekesho. Alipiga jeki, akaliinua gari vizuri, ndipo akaanza kulegeza nati. Akizungusha spana, tairi nalo linazunguka. Akilikumbatia ili litulie, linazunguka naye. Fundi alimtazama kwa muda mrefu.

"Vitunguu, unafungua tairi au unacheza nalo? Nati unazilegeza gari likiwa chini, ndiyo unainua."

Mwalimu alikaa juu ya ndoo, akajiuliza amewadanganya watu wangapi. Alihisi vibaya, tena vibaya kwelikweli, maana mzee huyu alijua yote haya na hakuwahi kujigamba hata mara moja.

Jumamosi, Fundi alimlaza juu ya kipande cha boksi chini ya gari kubwa, amwonyeshe mahali oili inapomwagwa. Chini ya gari la pembeni alilala mwanafunzi mwingine, ambaye Mwalimu alikuwa ameona viatu vyake tu.

"Mapazia!" aliita Fundi. "Mpe Vitunguu spana namba kumi na nne."

Mkono ukaja kutoka upande ule, umeshika spana. Mkono una kucha za zambarau. Mwalimu akageuza kichwa taratibu. Mwenzake naye akageuza chake, na miwani ya mnyororo ikamteleza hadi puani. Wakatazamana, wote wawili chali, wamepakaa oili mpaka masikioni. Mguu wa Mwalimu ukakanyaga breki hewani.

"Mwalimu?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Vitunguu."

"Na mimi ni Mapazia," alisema Mkurugenzi. "Nashona mapazia."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.

"Kuna nini huko chini?" aliuliza Fundi.

"Hakuna!" wakajibu kwa pamoja.

Mkurugenzi akashusha sauti. "Ulitaka niandike alama gani Jumatatu, na mimi rejeta siijui kama iko mbele au nyuma? Nina shule ya magari, Mwalimu! Mafundi wananiambia gari limeharibika figo, nalipa." Akavuta pumzi. "Lakini usijidanganye. Kujificha tumejificha wote, ila wale watoto wa watu wana mtihani. Ukiboronga mbele yao, sikuokoi."

"Sawa, Mkurugenzi."

"Mapazia."

"Sawa, Mapazia."

Jumatatu ilifika. Wanafunzi wanane walisimama uani wamelizunguka gari la shule, nesi mbele na daftari lake, Mkurugenzi pembeni na karatasi ya alama mapajani. Mwalimu alivuta kijichuma chini ya usukani na boneti ikafunguka mara ya kwanza. Nusura ashangilie. Alionyesha oili, akaonyesha maji, akalegeza nati gari likiwa chini kisha akaliinua, akabadilisha tairi bila kukumbatiana nalo. Mkurugenzi alikuwa anaandika, na Mwalimu aliona kalamu yake inatikisa kichwa kwa kuridhika. Zilibaki dakika tano.

"Mwalimu," alisema nesi, ameinama ndani ya boneti. "Na hiki kidude cheusi chenye nyaya mbili kinafanya kazi gani?"

Mwalimu akakitazama. Hajawahi kukiona. Uongo ukajipanga mdomoni, mzuri, laini, wenye istilahi tatu. Akautazama mkono wa nesi ulioshika kalamu, tayari kuandika chochote atakachosema. Atakiandika, na tarehe juu.

"Sijui," alisema Mwalimu.

Kalamu ya Mkurugenzi ilisimama. Mwalimu aliona hapa kazi imekwenda, basi heri aondoke na ukweli wote. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti wasikie.

"Fundi, shikamoo. Ni mimi... Vitunguu."

Wanafunzi wakatazamana.

"Marahaba, Vitunguu. Mapazia hajambo?"

"Hajambo, Fundi," alisema Mkurugenzi kutoka kwenye kiti chake, uso umemwiva. "Nipo hapa."

Mwalimu akakieleza kidude: cheusi, nyaya mbili, karibu na betri. Fundi akaguna kwa muda.

"Aa, hicho. Magari ya aina hiyo yote yanacho. Miaka thelathini nakiona." Akakohoa. "Sikijui. Nikikitoa, gari haliwaki. Msikiguse." Simu ikakatika.

Nesi aliandika, kisha akafunga daftari. Mwalimu akasubiri kicheko, au kelele, au kufukuzwa. Nesi akainua mkono.

"Basi na mimi niseme, Mwalimu. Gia ya kurudi nyuma sijawahi kuielewa. Ukiniuliza kama nimeelewa, naitikia tu."

"Mimi kanyagio la katikati na la kushoto huwa nabahatisha," alisema muuza magodoro.

"Mimi vioo vya pembeni natazama kwa heshima. Sioni kitu."

"Mimi sijui gari linazimwaje," alisema mstaafu mmoja wa posta. "Huwa nashuka, nakuachia wewe."

Wakasema wote wanane. Mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja, na kila neno lilimchoma, maana aliona wazi walikojifunzia kuitikia. Akaligeukia gari ili wasione macho yake.

"Mkurugenzi," alisema, "nitarudisha funguo ofisini."

Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Alikunja karatasi ya alama, akaitia mkobani, akavua viatu vyake vya visigino, akaviweka juu ya kiti.

"Funguo za kurudisha wapi? Mtihani ni Alhamisi. Utaanza upya, Mwalimu, na asiyeelewa aseme." Akalizunguka gari hadi mlango wa dereva. "Na mnipishe mimi niwe wa kwanza. Hiyo gia ya kurudi nyuma nami naibahatisha."