Fundi Aliyegoma Kufuta Diski

Saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta wanayemwita Mama Diski amekaa sakafuni katika stoo ya studio ya picha, kibodi mapajani, wala hana mpango wa kumwachia mtu. Kioo cha kompyuta kinasema hakuna ghala lolote la picha, yaani diski zilizounganishwa kuzihifadhi. Yeye anasema kioo kinaongopa.

"Futa diski tuanze upya," mwenye studio anamwambia kutoka mlangoni. "Kesho tuna harusi. Picha tutaziweka wapi?"

"Bosi, ukitaka zifutwe, nifute kazi mimi kwanza."

Jana mfumo wa seva, kompyuta kuu inayotunza picha za studio, ulikufa, fundi akaweka mpya. Picha hazikuwa kwenye mfumo. Zimo katika diski nne alizozichomoa kabla, zisije zikaguswa, na asubuhi hii amezirudisha.

Mapokezini amekaa bibi harusi wa mwezi uliopita. Baba yake amefariki wiki hii, na picha zake za mwisho zimo katika diski hizo. Kila mlango ukifunguka, binti huyo anainua macho.

Mama Diski alianza ufundi kwa kutengeneza kompyuta mbovu za majirani. "Mjomba alinicheka, eti fundi gani ana mtoto mgongoni. Nikamwambia mtoto ndiye msaidizi, ananishikia bisibisi."

Anaiamuru seva itafute ghala. Inalipata, halafu inagoma: hili ni mali ya mashine nyingine.

"Mashine yenyewe ni hii hii," anasema. "Imebadilishiwa mfumo, imejisahau." Anailazimisha kulipokea. Inakataa tena, safari hii kwa sababu diski moja haionekani.

Mwenye studio anashusha pumzi. "Sasa?"

"Sasa kosa ni langu." Waya wa diski ya nne umelegea, aliurudisha mwenyewe kwa haraka. Anazima seva, anaukaza, anawasha, analazimisha upya. Majalada ya harusi yanaanza kujipanga kwenye kioo.

Bibi harusi anaitwa. Baba yake yupo pale kwenye kioo, suti imembana, anacheka.

"Hiyo tai nilimfunga mimi," binti anasema, kisha machozi yanamtoka.

Mama Diski sasa anataka seva ya pili, katika jengo jingine, ihifadhi nakala ya kila picha. Mwenye studio anasema hela hakuna.

"Hata kwa hizi diski alisema hivyo hivyo," fundi anasema, akijipangusa vumbi. "Nilimganda mpaka akanunua. Na nguvu za kuganda bado ninazo."