Samaki wa Mawe Kwenye Tangi Letu

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku ile kila aliyekuwa sebuleni kwangu alikuwa anasubiri nilipuke. Mume wangu alisubiri. Mama wa marehemu mke wake alisubiri. Hata mtoto, ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kuniita jina lolote, alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Katikati yetu palikuwa na tangi la vioo lenye samaki, na pembeni ya tangi ndoo ya njano iliyofunikwa kwa kitenge.

Nimweleze kwanza mtoto. Niliolewa na mwanamume aliyefiwa, mwenye binti wa miaka minane. Tunaishi Bagamoyo, mtaa huu wetu wa Tukuyu, si mji ule wa pwani, ingawa babu yangu alitoka huko pwani na mizigo yake ya vitambaa, akafika kwenye baridi hii, akatulia. Duka lake ndilo ninalofungua mimi kila asubuhi. Mtoto alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, kule Matema, ziwani. Ndoa ilipotulia mume wangu akaenda kumchukua, na bibi akamtoa kwa sharti moja, alilolisema mbele ya watu ili lisije likasahaulika.

"Nitakuja kuona," alisema kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa. "Nikikuta mwanangu amenyamasa, naludi naye."

Basi mtoto akanyamaza! Hakuumwa, hakukonda, alikwenda shule na kuosha vyombo bila kutumwa. Asubuhi alinipa shikamoo kavu, haifuatiwi na kitu. Mama, mama mdogo, anti, hakuna. Nikimwita anakuja, nikimuuliza anaitikia kwa kichwa. Wee, jaribu kuishi hivyo uone. Niliumia sana, na mimi nikiumia huwa nafoka, basi nilikuwa nafokea wateja, namfokea mume wangu, nafokea hata mlango.

Tangi lilitoka kwa mteja wangu aliyehamishwa kikazi. Aliliacha dukani tupu, nami nikaanza kuweka ndani yake vipande vya vitambaa. Mtoto akaja kutoka shule, begi mgongoni, akasimama.

"Humu si wanakaa samaki?"

Yarabi! Swali la kwanza tangu afike. Siku hiyo ningelibeba lile tangi kichwani mpaka Mbeya na kurudi.

Mbeya tulikwenda Jumamosi, mimi na yeye, kwa kijana anayeuza samaki wa mapambo. Nilidhani ni kazi ya kunyoosha kidole tu: huyu mwekundu, yule mweusi, funga twende. Kijana akakataa kuniuzia. Kumbe alikuwa na maneno makali kunizidi. Aliuliza maji yetu ni ya baridi au tutaweka hita. Nikamwonyesha samaki wa dhahabu, akasema huyo anataka baridi na hao wengine wanataka joto, sasa utamchemsha yupi? Nikaonyesha mmoja mkubwa mwenye madoa. "Mtazame mdomo, mama. Kila kinachoenea mle ndani ni chakula." Mtoto akamtaka samaki mpiganaji, yule mwenye mapezi kama gauni la harusi. Kijana akachuchumaa wakatazamana.

"Huyo akiona mwenye mkia mpana anadhani ni mwenzake wa kugombana naye. Wewe unataka wanaotazamana au wanaogombana?"

"Wanaotazamana," mtoto akasema.

Tukarudi na gapi wenye mikia mipana, na neoni, wale wadogo wenye mstari unaong'aa, wengi kidogo kwa sababu hao hawakai wachache, wakiwa wachache wanaogopa, na kambare wawili wadogo wa kuokota makombo chini. Basi hapo nyumba ikaanza kuwa na sauti. Mtoto alikuwa ananisimamia nikiwalisha. Nikitia chakula tu, nasikia nyuma yangu, "Umezidisha." Neno hilo ndilo nililokuwa naambiwa zaidi nyumbani kwangu mwenyewe. Nikazoea. Nikalipenda, nisiseme uongo.

Kosa likaja kwa mapenzi. Mtoto alimsimulia bibi yake kwenye simu habari za tangi. Bibi akasikia samaki, na yeye ni mtu wa ziwani, wapwa zake huzamia kukamata wale samaki wadogo wa kwenye mawe, wa buluu na wa njano, wanaouzwa mpaka Ulaya. Sasa mjukuu awe na tangi halafu akose samaki wa kwao? Akaja nao. Kutoka Matema mpaka kwetu alikuwa ameipakata ndoo mapajani, akiwafunulia kitenge wapate hewa. Mabega ya gauni lake yalikuwa yamelowa kwa mvua ya mjini, na ndoo ilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama," nikapiga goti.

"Malahaba, mwanangu. Nimeleta wasuli. Wasungu wenyewe wanawatafuta hawa."

Nikafunua kitenge. Walikuwa wazuri, haki ya Mungu. Wawili wa buluu wenye milia, mmoja wa njano. Lakini yule kijana wa Mbeya alikuwa ametuonyesha wa aina hiyo, wapo peke yao kwenye tangi lililojaa mawe, akasema hawa usiwaweke na wapole, kila mmoja anataka jiwe lake na atalipigania. Nikamtazama mtoto. Alikumbuka. Akainamisha kichwa.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Kwetu Rungwe, kitu alichokuletea mtu kwa mkono wake hukiweki pembeni. Mgeni akija na kuku, kuku anachinjwa siku hiyohiyo, naye anakula akiona. Akija na ndizi, zinapikwa hizo. Ukizificha stoo ukampikia wali, hatagomba, atakula na kuaga vizuri, lakini keshajua kwamba umeuogopa mkono wake. Na kuogopa mkono wa mtu, kila mmoja huku anajua ni kumwita mchawi. Sasa huyo mtu awe mama wa marehemu, na wewe ndiye uliyekuja kulala pale alipolala binti yake!

Nikatafuta njia. Nikasema wapumzike kwanza ndani ya ndoo, wametoka mbali, wazoee joto la humu. Hilo ni kweli, ndivyo inavyofanywa. Tukanywa chai. Nikaleta mihogo, nikaleta maparachichi, nikaongeza chai. Mume wangu akasema mkate umekwisha, akatoka kununua mkate ambao ulikuwepo kabatini. Bibi akaweka kikombe chini.

"Wameshapumsika."

Mimi ndiye niliyefungua kifuniko cha tangi. Yeye akawamimina taratibu, akitabasamu, maji ya ziwa yakaingia ndani ya maji yetu ya mvua.

Mwanzoni walijificha nyuma ya jiwe. "Umeona? Wametulia," bibi akasema, nami nikaanza kuamini. Kisha yule wa buluu mkubwa akatoka. Akawafukuza kambare chini ya jiwe, mmoja, halafu wa pili. Neoni wakajikunja kwenye kona wote, wakawa kitu kimoja. Gapi hawakuelewa, wao waliendelea kutembeza mikia yao. Wa njano akaja kwa upande, akadonoa. Kipande cha mkia kikabaki kinaelea peke yake.

Mtoto alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akakisogelea kioo, akasema polepole, "Anataka jiwe lote."

"Unasemaje?" bibi akauliza.

"Hakuna kitu, bibi."

Hapo ndipo moyo uliponichoma. Nilimwona akiyameza yale maneno. Kwa miezi yote nilikuwa namwona akiyameza mbele yangu, na sasa anayameza mbele ya bibi yake, kwa ajili ya adabu, huku samaki wake wanaliwa mikia. Na aliponitazama mimi hakuwa anasubiri nilipuke kama wenzake. Alikuwa ananiomba.

Nikanyanyuka, nikachukua wavu mdogo.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nawatoa, mama."

Mume wangu ndiyo kwanza anaingia na mkate, akaganda mlangoni.

"Unaogopa mkono wangu," bibi akasema. Hakuuliza.

"Ningeuogopa ningewaacha humo!" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, nilijisikia mwenyewe na sikuweza kuishusha. "Ningewaacha wamalize, halafu kesho mtaa wote useme bibi kaleta samaki, samaki wa mjukuu wamekufa. Na huyu angekua akijua hivyo! Samaki wako ni wazuri kuliko wangu wote, mama. Lakini hao ni wa kupigania mawe, na hawa wangu hawajui kupigana. Mkono wako hauna neno. Sitaki usemwe, basi!"

"Jamani," mume wangu akasema, na huo ndio ulikuwa mchango wake.

Kuwakamata nako ni kazi. Wana mbio, na wanajua kujibana. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, maji yakamwagika kwenye zulia, wavu unatoka mtupu kila mara. Kisha mkono mwembamba ukaingia majini pembeni ya wangu.

"Jiwe kwanza," mtoto akasema, akalinyanyua.

Tukawapata, mmoja mmoja, tukawarudisha kwenye ndoo, kwenye maji ya ziwa yaliyobaki. Gapi mmoja alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alimtoa kwa kijiko cha chai, akamweka kwenye kisahani. Hakulia, nami nilitamani angelia.

Bibi akaifunika ndoo yake, akafunga kitenge vizuri pembe zote.

"Nilikuja kuona," akasema. "Nimeona. Mtoto hasemi, anakaa kama mgeni. Kusanya nguo sako, mwanangu, asubuhi tunakwenda."

Mtume! Nilitaka kubisha, lakini ningebisha nini? Lilikuwa sharti lake na alilisema mbele ya watu. Nimempigia kelele mama wa marehemu ndani ya nyumba ya marehemu. Nilichukua taulo nikaanza kukausha zulia, nikikausha mahali palepale, huku nikisikia droo za chumbani zinafunguliwa na kufungwa. Mume wangu alikaa na mkate wake mapajani.

Mtoto akarudi na begi limejaa. Akasimama mbele ya tangi. Gapi waliobaki walikuwa wameanza kutembea tena, na neoni mmoja alikuwa ametoka kwenye kona kuchungulia. Akawatazama weee, halafu akamgeukia bibi yake.

"Bibi, tukienda, umwambie mama awape kidogo kidogo. Huwa anazidisha."

Nilibaki na taulo mkononi. Mama. Nililisubiri neno hilo miezi yote, nililiwinda kwa maandazi na kwa magauni mapya, na sasa nalipewa mtu akiwa na begi begani.

"Anasidisha?" bibi akauliza.

"Kila siku! Maji yanachafuka, anasema hajatia kingi, na mimi nimemwona. Na umeme ukikatika inatakiwa tangi lifunikwe blanketi kabla hita haijapoa, yeye anakumbuka blanketi wakati umeme umesharudi. Na kambare anafikiri wameshiba kwa kuwa wako chini, kumbe chakula hakiwafikii. Baba ndiyo hajui kabisa, hata hesabu yao hajui."

Maneno yakaendelea kumtoka, sijawahi kusikia mengi namna hiyo, na karibu yote yalikuwa ya kunishtaki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi pale chini kwenye zulia, na midomo yake ikaanza kucheza kwa kicheko.

"Kumbe anasema," akasema.

"Anasema, mama," nikajibu.

Akainama akalichukua begi begani kwa mjukuu wake, akaliweka sakafuni, mbali na maji.

"Sasa mtu mwenyewe anasidisha, na wewe unataka kumwachia samaki? Watakufa wote. Kaa hapa uwaangalie." Akaisogeza ndoo yake karibu na miguu. "Hawa naludi nao mimi. Wamesoea fujo."

Nililia kama mtoto mdogo, mbele ya wote. Mtoto akanichukulia taulo, akaenda kulikamua nje.